Dawa za fangasi za ukeni nilizotumia: zipi zimenisaidia na zipi ni hela imeenda bure

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama fangasi ya ukeni inakurudia, yaani inatulia wiki mbili tatu halafu muwasho ule ule unaanza tena, kitu cha kwanza kulipia ni kipimo cha maabara, cha pili ni dozi ndefu ya flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, ya mara moja kwa wiki kwa miezi sita ukiwa umeandikiwa na daktari, na vingine vyote vinavyouzwa mitandaoni na madukani, sabuni za uke, vitufe vyenye uzi, poda za kusafisha kizazi, shabu, sijui nini, hivyo acha vikae kwa mwenye navyo. Sasa nielezee vizuri maana najua wengi wetu tunanunua hizi dawa kimyakimya, tunaongea kwa sauti ya chini dirishani mwa famasi huku nyuma kuna foleni, muuzaji anauliza tu "ya kumeza au ya kuweka?" ukijibu basi, mmemalizana, umerudi nyumbani na boksi na hujui hata kama ugonjwa wenyewe ndo huo.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Fangasi ya ukeni kwa sehemu kubwa inaletwa na kimelea kinaitwa Candida albicans, na hicho kinaishi mwilini mwa wanawake wengi tu bila kuwasumbua, shida ni kikizidi. Karibu wanawake watatu kati ya wanne wanaipata angalau mara moja maishani kwahiyo kuipata mara moja wala sio jambo la kukuondolea amani. Ila ukiipata mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja hapo madaktari wanaiita ya kujirudia, na hiyo inatibiwa tofauti, na hapa ndo shida yote ilipo kwasababu dukani mtu unapewa dozi ile ile ya yule aliyeipata mara moja. Unameza, unapona, inarudi, unanunua tena. Kuna dada zangu wameishi hivyo miaka na wanaambiwa wana "fangasi sugu" wakati hiyo dozi ya kujirudia hawajawahi kuandikiwa hata siku moja.

Kipimo sasa. Hiki ndo nakipa alama za juu kuliko dawa yoyote niliyonunua. Mi nilifanya kwenye kliniki ya wanawake hapa Dar, nesi akachukua ute kwa kijiti chenye pamba mbele, haumi, ni sekunde chache na usumbufu kidogo tu. Ute mmoja wakaugusisha kwenye kikaratasi cha kupima asidi, mwingine wakaupaka kwenye kioo wakaweka tone la dawa wakaangalia kwa darubini, na mwingine wakapeleka kuotesha ili ijulikane ni fangasi wa aina gani, hayo majibu ya kuotesha ndo yanachukua siku kadhaa. Kwenye fomu kipimo kimeandikwa HVS, na ukienda usikubali kuishia kwenye mkojo peke yake, maana kuna sehemu ukisema tu nawashwa huku chini unapewa kikopo, mkojo unachovywa karatasi, unaambiwa UTI, unaondoka na antibayotiki. Fangasi ya ukeni inatafutwa ukeni. Gharama inategemea hospitali, mi yangu haikufika elfu thelathini vyote pamoja, ila ulizia kabla na uliza hasa kama wanaotesha, sio kila maabara inafanya.

Kwanini nakazania kipimo? Kwasababu vitu vinavyowasha na kutoa uchafu ni vingi na dawa zake hazifanani. Fangasi wenyewe wana muwasho mkali, wekundu, kuungua ukikojoa pale mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka, na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, na kwa kawaida hauna harufu kali. Ukisikia harufu ya samaki hasa baada ya tendo, na ute ni mwepesi wa rangi ya kijivu kijivu, hiyo mara nyingi ni bakteria wa ukeni wamevurugika, hapo dawa ya fangasi utameza mpaka uchoke. Kuna na trikomona, uchafu wa njano au kijani wenye mapovu, na hiyo inaambukizwa kwa ngono kwahiyo na mwenzio lazima atibiwe. Kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka 2002, waliwapima wanawake waliokuwa wanajinunulia wenyewe dawa za fangasi dukani, ni kama mmoja kati ya watatu tu ndo alikuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na vitu vingine, au mchanganyiko, au hawana kitu. Na hao walikuwa na uhakika kabisa wanajijua.

Pale pale kliniki daktari aliniambia nipime na sukari na HIV, na wewe ukiambiwa usikasirike wala usifikirie anakudhania vibaya. Sukari ikiwa juu fangasi wanastawi, na mwili ukiwa na kinga ndogo vilevile. Mama mdogo wangu kasumbuka na muwasho muda mrefu sana, anabadilishiwa krimu hii na ile, siku amepimwa sukari asubuhi hajala kitu ikasoma juu ya 12, wakati ikifika 7 tu hujala tayari ni kisukari. Alipoanza dawa za sukari na sukari ikashuka, muwasho ukaisha na zile krimu zikabaki kabatini. Na kwa wenye kisukari tayari, kuna vidonge vya sukari vya kisasa vinavyofanya kazi kwa kutoa sukari kwenye mkojo, hivyo vinajulikana kuleta fangasi sehemu za siri, mwambie daktari wako wala usiache mwenyewe.

Haya tuje kwenye dawa zenyewe.

Flukonazoli ya kidonge kimoja, ile kwenye boksi imeandikwa Fluconazole 150 mg na ndani kuna kapsuli moja imekaa peke yake kwenye karatasi kubwa. Kwa fangasi ya mara moja moja hii ni dawa nzuri sana, unameza na maji umemaliza, hakuna kuchafuka. Siku ya kwanza usitegemee muujiza, muwasho unapungua siku ya pili ya tatu, na wengi wanapona kabisa na dozi hiyo moja. Bei ni nafuu kwasababu haki ya kampuni iliyoigundua ilishaisha muda siku nyingi na sasa viwanda vingi vinatengeneza, mi nilikuwa nazipata kati ya elfu moja na elfu mbili kwa kidonge, za bei ghali zaidi zipo na sikuona tofauti yoyote. Kwa mwenye fangasi ya kujirudia ubaya wake ni kwamba kimoja hakitoshi. Kinapunguza, unajiona mzima, waliobaki wanaongezeka tena taratibu.

Klotrimazoli za kuweka ukeni ndo zinazofuata, zipo za kuweka usiku sita za miligramu 100, za usiku tatu za 200, na moja kubwa ya 500. Kwa nguvu zinalingana na ile ya kumeza, chaguo ni lako tu. Uzuri wake zinafanya kazi pale pale na hazisambai sana mwilini. Sasa kwenye matumizi ndo watu hawaambiwi. Weka usiku ukishalala kabisa, chali, magoti umekunja, sukuma mpaka ndani kadri inavyofika bila kulazimisha, halafu usiamke tena kuzungukazunguka. Asubuhi utakuta vitu vyeupe vya unga unga vinatoka, hiyo ni dawa iliyobaki sio ugonjwa, vaa pedi nyepesi. Usiku wa kwanza inaweza kuchoma kidogo kama umejikuna mpaka ukachubuka. Usiache katikati eti kwasababu siku ya tatu umeshapona, kama ni sita weka sita. Na hizi za kuweka pamoja na krimu zake zinaweza kudhoofisha kondomu ya mpira, kwahiyo kama kondomu ndo kinga yako subiri dozi iishe. Kwa muwasho wa nje krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 inasaidia sana ukiipaka pamoja na hizo za ndani, peke yake bila ya ndani inakupoza nje tu.

Sasa kuna krimu nyingine naomba msome kwa makini. Ukienda dukani ukasema fangasi, mara nyingi unapewa kitubu cha krimu mchanganyiko, bei rahisi, kila nyumba kipo, kinapakwa kuanzia vipele vya mtoto mpaka uso. Geuza kitubu usome yale maandishi madogo mgongoni. Ukiona pamoja na klotrimazoli kuna neno betamethasone, hiyo ni steroidi. Steroidi inaua muwasho haraka mno, nusu saa umepumzika, ndo maana watu wanaisifia, ila inashusha kinga ya ngozi pale ulipopaka, fangasi wanajificha halafu wakirudi wanarudi kwa nguvu, na ngozi ya huku chini ni nyembamba, ukipaka muda mrefu inazidi kuwa nyembamba na kuchanika. Hiyo sio ya kupaka sehemu za siri kwa kujiamulia.

Na zile paketi za vidonge vinne, hizi zimenikera kuliko vyote. Ni kiboksi kimoja ndani kuna vidonge vya rangi tofauti, kimoja flukonazoli, kimoja azithromaisini na viwili seknidazoli, muuzaji anakwambia "hii inasafisha kila kitu, fangasi, UTI, PID, yote", hiyo PID ni maambukizi ya kizazi. Inavutia kwasababu unahisi umemaliza kila tatizo kwa mkupuo. Sasa fikiria, umekuja na fangasi tu, umepewa antibayotiki mbili ambazo haziui fangasi hata kidogo, zinaua bakteria, wakiwemo wale wazuri wa ukeni wanaotengeneza asidi ya kuwazuia fangasi wasizidi. Yaani kidonge kimoja kinapunguza fangasi na vile vitatu vinaandaa mazingira ya fangasi kurudi. Ni vilevile na metronidazoli, ile wengi tunaiita Flagyl, mtu akiwashwa tu anameza Flagyl, jamani Flagyl ni ya bakteria na trikomona, fangasi haiwagusi. Hizo paketi zina kazi yake kwa mtu aliyepimwa au daktari ameona anazihitaji zote, sio kwa kila anayejikuna.

Na hapo hapo niseme hili la UTI sugu. Ukiangalia wengi wetu wenye fangasi ya kurudi rudi, nyuma yake kuna dozi za antibayotiki zilizofuatana, leo sipro, mwezi ujao nyingine, mara sindano, na kila ukimaliza dozi muwasho unaanza ndani ya wiki. Ukiandikiwa antibayotiki na umepimwa vizuri, meza, usiogope, maradhi ya bakteria sio ya kuchezea. Ila ukijijua una historia ya fangasi mwambie daktari pale pale kabla hajaandika, anaweza kukupa na kinga yake.

Sabuni na vimiminika vya kuoshea uke, nilinunua za chupa za bei ya juu zenye maua na neno pH mbele. Zina harufu nzuri, povu zuri, na hazitibu fangasi. Sitaki kuzunguka. Uke ndani unajisafisha wenyewe, ule ute wa kawaida ndo usafi wenyewe, nje unanawa kwa maji na kama unapenda sabuni basi isiyo na manukato kwa nje tu. Najua hili ni gumu kwetu maana wengi tumefundishwa tangu unyago na kwa makungwi kwamba lazima uingize kidole utoe uchafu, na mwanamke asiyefanya hivyo anaonekana mchafu. Waliotufundisha walitutakia mema. Lakini kila ukisugua ndani kwa sabuni unaondoa wale bakteria wa ulinzi na kuchubua ngozi laini, muwasho unaanza, unaosha zaidi ukidhani ni uchafu. Daktari aliniambia niache kunawa ndani kabisa, maji tu nje, na ndani ya muda mfupi ule ukavu na kuchomachoma ambao nilikuwa naudhani ni fangasi ukapotea wenyewe.

Shabu ya kubana, karafuu za kuweka, kujifukiza, asali, kitunguu swaumu kilichomenywa kikafungwa uzi, na vile vitufe vya mitishamba vilivyofungwa kwenye kitambaa vinavyouzwa kwa picha za kabla na baada, naviweka fungu moja. Kitunguu kinaunguza, sio kwa maneno, kinaunguza kweli ukuta wa uke. Vile vitufe muuzaji anakwambia ukivitoa utaona uchafu umetoka mabonge mabonge, anakuonyesha na picha, yale mabonge ni ute na ngozi iliyokwanguliwa kwa kukereka, sio ugonjwa unaotoka kizazini. Dawa ya kuweka ukeni haisafishi kizazi, ni sehemu mbili tofauti. Ukitoa hela kwa ajili ya hivyo unalipia jeraha.

Mtindi nimeulizwa sana. Kunywa, ni chakula kizuri, mi naupenda na ndizi. Kuupaka ukeni hapana, na hasa ile ya madukani yenye sukari na ladha ya stroberi. Vidonge vya bakteria wazuri vipo kwenye famasi kubwa na bei yake imesimama, ushahidi kwamba vinazuia fangasi isirudi bado ni dhaifu, mimi hela hiyo ningeiweka kwenye kipimo.

Sasa dozi ya miezi sita, ambayo ndo hasa iliyonifanya nikae niandike. Majibu yangu ya kuotesha yalitoka Candida albicans, sukari safi, HIV hamna, mimba hamna, na daktari akanieleza kwamba tunaanza na kuwapiga kwanza halafu tunawalinda wasirudi. Kuwapiga ni flukonazoli 150 tatu, moja leo, nyingine baada ya masaa 72, na ya tatu baada ya mengine 72, yaani siku ya kwanza, ya nne na ya saba. Halafu kulinda ni moja kila wiki kwa miezi sita. Ukipiga hesabu ni kama vidonge 29 jumla, na kwa bei ya elfu moja mpaka mbili inakuja chini ya elfu sitini kwa nusu mwaka, ambayo haifiki hata karibu na hela ya visabuni, vitufe, paketi na krimu za mwaka mzima ukizijumlisha. Inawezekana mara moja kwa wiki kwasababu hii dawa inakaa mwilini siku kadhaa, haitoki haraka.

Nilichagua Jumapili usiku nikaweka alamu kwenye simu, maana kidonge cha kila siku ni rahisi kukikumbuka ila cha wiki kinapotea, Jumapili hii umesafiri msibani, ijayo umelala mapema, ghafla wiki mbili zimepita. Mwezi wa kwanza bado nilikuwa nashtuka kila nikihisi kitu kidogo, baadae nikawa hata sikumbuki. Madhara niliyoyaona ni kichwa kuuma kidogo na tumbo kuvurugika siku ya kumeza, mwanzoni tu. Ila sio dawa ya kujiandikia, na hapa nisikilizwe vizuri. Inapita kwenye ini, kwahiyo mwenye shida ya ini lazima daktari ajue. Inagongana na dawa nyingi, mfano dawa za kuzuia damu kuganda, inazidisha nguvu zake mpaka mtu anaweza kuvuja damu, na vidonge vya sukari kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka ghafla mpaka ukaanguka. Wenye matatizo ya mapigo ya moyo pia. Pelekea daktari orodha ya kila unachomeza, hata zile za kienyeji.

Na inaponya moja kwa moja? Nasema ukweli ili mtu asije akanilaumu. Utafiti mkubwa wa hii dozi ulitoka 2004, wanawake 387 wenye fangasi ya kujirudia, nusu walipewa flukonazoli ya kila wiki nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Miezi sita ilipoisha waliokuwa wanameza dawa, karibu 91 kati ya 100 walikuwa hawajapata fangasi tena, wale wengine ni 36 tu. Lakini baada ya kuacha, ilipofika mwaka mmoja tangu waanze, waliobaki salama kwenye kundi la dawa walikuwa kama 43 kati ya 100. Kwahiyo zaidi ya nusu inawarudia. Ni nyingi, inakatisha tamaa ukiisikia hivyo, ila kwa mtu ambaye alikuwa hawezi kukaa kwenye daladala bila kujibanabana, miezi sita ya kuishi kama binadamu ni kitu kikubwa, na ikirudi inaruhusiwa kurudiwa. Kwangu mimi tangu nimalize imejitokeza mara moja, nilipougua kifua nikapewa antibayotiki kali, nikatibiwa ikaisha. Ukilinganisha na kila mwezi, mi naishukuru mno.

Dozi hiyo ikigoma, au majibu ya kuotesha yakatoka aina nyingine, maarufu ni ile Candida glabrata, hapo flukonazoli inaweza isifanye kazi na daktari anabadilisha. Kuna vidonge vya asidi ya boriki vya kuweka ukeni, miligramu 600 kila usiku kwa wiki tatu, hivi naviona siku hizi vinauzwa hadi mitandaoni kama kitu cha kunukisha vizuri. Jamani. Ni sumu ikimezwa, inaweza kuua, na nyumba zetu hizi watoto wanafungua kila kopo. Na mjamzito haruhusiwi kabisa. Kama sio daktari aliyekuandikia baada ya majibu, ziache.

Kwenye kujikinga nje ya dawa, mi nimebaki na machache. Chupi za kotoni, na usiku bila chupi, joto la Dar unalijua. Ukitoka mazoezini au baharini usikae na nguo mbichi. Suruali za kubana na skintaiti ya nailoni chini ya dera kutwa nzima nimepunguza. Pedi za harufu nimeacha. Hizi hazitibu lakini zinapunguza unyevu na kukereka, na ni bure au karibu na bure. Kama uzazi wa mpango unaotumia una homoni na ukaona fangasi ilianza ulipoanza nao, kaongee na mtoa huduma, usiuache ghafla ukaja kupata mimba ambayo hukuipanga.

Wanaume, maana ndo ugomvi unapoanzia. Fangasi ya ukeni haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa na sio ushahidi wa mtu kutoka nje. Bikira anaipata, mtawa anaipata. Kumtibu mume kila ukiugua haijaonekana kuzuia isirudi, ila kama na yeye anawashwa, kichwa cha uume kina wekundu au vipele, basi naye apate krimu yake na apimwe sukari. Mi nilikaa na mume wangu nikamsomea majibu ya maabara, akaelewa, yakaisha, na alamu ya Jumapili ikawa yeye ndo ananikumbusha.

Kwa wajawazito, maana mimba yenyewe inaleta fangasi, hii dozi ya kumeza niliyoisifia yote hii sio yenu. Mnatumia klotrimazoli za kuweka, kwa siku saba, na mkiweka tumieni kidole kilichooshwa badala ya kile kijiti cha plastiki cha kusukumia kinachokuja na dawa mpaka mkunga awaambie vinginevyo. Na mwanamke yeyote mwenye uchafu wenye damu, homa, au maumivu ya chini ya kitovu, aache kabisa kufikiria fangasi, aende hospitali leo leo.